Siku nne Sun City kwa bwana na bibi wa Lubumbashi: namna ya kupanga

Kati ya miji yote ya kasino inayotajwa watu wakizungumza likizo za kifahari, Sun City ya Afrika Kusini ndiyo inayowafaa zaidi bwana na bibi wa Lubumbashi wenye siku chache tu. Ndege ya moja kwa moja kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege, hadi Johannesburg haifikishi saa tatu. Saa ya huko ni ileile ya kwetu. Kutoka uwanja wa ndege, gari linawafikisha kwa muda wa saa mbili hadi mbili na nusu. Mkienda Las Vegas, siku nne zenu zitaishia angani na kwenye foleni za viwanja vya ndege.

Nina msimamo mmoja, na mwongozo huu wote umejengwa juu yake: kasino ipewe saa moja tu, jioni moja tu, tena kabla ya chakula na si baada yake. Muda uliobaki ni wenu. Sababu nitaieleza tukifika hapo.

Kwanza mjue mnakokwenda

Sun City si mji wenye meya na soko. Ni eneo la hoteli lililozungushiwa uzio, katika jimbo la North West, upande wa kaskazini wa Rustenburg, penye migodi ya platini. Njiani mtaona minara ya migodi na vilima vya mawe yaliyotupwa, na aliyekulia Lubumbashi akiitazama terili, kile kilima cha mabaki ya madini cha kampuni ya Gécamines, kila asubuhi hataona ugeni wowote.

Ilifunguliwa Desemba 1979 na mfanyabiashara Sol Kerzner. Wakati ule kasino zilikatazwa Afrika Kusini, lakini hapo palihesabiwa kuwa ndani ya Bophuthatswana, moja ya zile nchi ambazo serikali ya ubaguzi wa rangi ilizitangaza kuwa huru na dunia ikakataa kuzitambua. Watu wa Johannesburg na Pretoria wakawa wanavuka mpaka wa kwenye makaratasi kwenda kucheza kamari. Frank Sinatra aliimba huko mwaka 1981. Wanamuziki wengine wengi walikataa, na katikati ya miaka ya 1980 kuisusia Sun City kulikuwa sehemu ya mapambano dhidi ya ubaguzi. Bophuthatswana ilirudi kuwa sehemu ya Afrika Kusini mwaka 1994, kamari ikaruhusiwa nchi nzima kwa sheria ya 1996, na kasino kubwa zikajengwa Johannesburg kwenyewe.

Tangu hapo mtu wa Johannesburg hana haja ya kusafiri hadi huko ili acheze. Sun City imezidi kuegemea vitu vyake vingine: mabwawa, gofu, mbuga ya jirani, harusi na familia. Hiyo ni faida kwenu. Mnaweza kukaa siku zote nne bila kugusa jetoni (vipande vya kuchezea kamari) hata moja na msikose la kufanya.

Hatua ya 1: Hesabu ya hela, mkiwa nyumbani

Kaeni mezani na karatasi kabla ya kumwambia mtu yeyote. Andikeni mafungu: viza na makaratasi, tiketi, Go-Pass (ada ya abiria ya viwanja vya ndege vya Kongo) na kodi nyingine za uwanja, gari la kwenda na kurudi, chumba, chakula, matembezi ya kuona wanyama, zawadi, akiba ya dharura, na mwisho kabisa kamari.

Fungu la zawadi lisidharauliwe. Habari ya safari haifichiki Lubumbashi. Itafika mtaa wa Katuba kabla hamjafunga mabegi. Kambo (nyanya au babu) anayebaki na watoto, shemeji atakayewapeleka Luano, mama wa kanisani aliyewaombea, wote wataangalia mikono yenu mkirudi. Andikeni majina na mkadirie kiasi cha kila mmoja. Msipofanya hivyo, zawadi zitanunuliwa siku ya mwisho katika maduka ya uwanja wa ndege, ambako kila kitu ni ghali.

Fungu la kamari ninalipimia hivi: lisizidi bei ya chakula kimoja cha jioni cha watu wawili katika mkahawa mzuri. Hela hiyo ihesabiwe kuwa imetumika tangu siku mliyoiandika. Kama inawauma kuiandika, ni kubwa mno, ipunguzeni.

Safari hii isikopewe. Kama mko kwenye likelemba, yaani kuchangiana hela kwa zamu, ngojeni zamu yenu ifike ndipo mnunue tiketi. Na kuna jambo moja la kuambiana kwa uwazi na kwa upendo: kama mmoja wenu hawezi kupita kibanda cha pari (kamari ya mechi) bila kuacha hela ya chakula cha nyumbani, fungu la kamari liwe sifuri na mlango wa kasino msiuguse. Hakuna aibu. Mbuga na maji vinatosha kabisa kuifanya safari iwe ya kukumbukwa.

Hatua ya 2: Makaratasi

Raia wa Kongo mwenye pasipoti ya kawaida anahitaji viza ya Afrika Kusini. Habari nzuri ni kwamba Afrika Kusini ina ubalozi mdogo hapahapa Lubumbashi, kwa hiyo maswali yenu mnaweza kuyauliza bila kupanda ndege ya Kinshasa. Anzeni miezi miwili kabla. Pasipoti iwe na uhai wa angalau siku 30 baada ya tarehe ya kurudi, na kurasa mbili tupu. Andaeni picha, taarifa za benki za miezi mitatu ya mwisho, barua ya mwajiri au karatasi za biashara yenu, nafasi ya hoteli na mpango wa ndege. Karatasi zetu nyingi ni za Kifaransa. Ulizeni mapema zipi zinatakiwa kutafsiriwa kwa Kiingereza na nani anakubaliwa kuzitafsiri.

Majina ndiyo yanayosumbua watu wetu zaidi. Mkongomani ana jina, jina la nyuma na jina la ubatizo, na bibi kwa kawaida anabaki na majina ya kwao. Hakikisheni mpangilio na herufi ni zilezile kwenye pasipoti, tiketi, nafasi ya hoteli na kadi ya chanjo. Herufi moja iliyopotea inaweza kuwasimamisha dirishani. Bebeni nakala ya cheti cha ndoa. Wale waliolipa mahari lakini hawajapita kwa ofisa wa hali ya kiraia pale komuni, kila mmoja aombe viza kwa karatasi zake mwenyewe, zilizokamilika, wala asitegemee za mwenzake.

Kadi ya njano haina mjadala. Anayetoka Kongo lazima aonyeshe chanjo ya homa ya manjano akiingia Afrika Kusini, na chanjo inaanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano. Ukishachanjwa inatosha maisha yote, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka kumi. Msinunue kadi bila sindano. Ni afya yenu, na ni kosa.

Hatua ya 3: Kuchagua siku

Epukeni Desemba yote na Pasaka. Wakati huo familia za Afrika Kusini zinajaza kila chumba. Mwishoni mwa mwaka pia kuna shindano kubwa la gofu linalopandisha bei. Kuingia Jumapili na kutoka Jumatano ni bora kuliko kuingia Alhamisi na kutoka Jumapili: watu wa Johannesburg wanarudi makwao, vyumba vinashuka bei, na foleni za mabomba ya kuteleza zinakwisha.

Kuhusu hali ya hewa, chagueni mnachokitaka zaidi. Kuanzia Juni hadi Agosti ni kiangazi cha baridi kama kwetu, ila asubuhi za huko ni kali kuliko za Lubumbashi. Majani yanakuwa mafupi, wanyama wanakusanyika kwenye maji na mtawaona kwa urahisi. Lakini kuogelea kutawashinda, na bwawa la mawimbi linaweza kufungwa kwa matengenezo. Kuanzia Oktoba hadi Machi kuna joto na mvua za jioni, maji ni raha, majani ni marefu na simba anajificha ndani yake. Mimi ningechagua Septemba au Aprili, wakati vyote viwili vinawezekana.

Hatua ya 4: Chumba

Kuna hoteli nne kubwa ndani ya uzio. Cabanas ndiyo nyepesi kwa mfuko, iko karibu na ziwa, na ina bustani wazi. Soho ndiyo ile ya kwanza ya 1979, na kasino iko ndani yake. Cascades imetulia zaidi, ina maporomoko ya maji ya kutengenezwa na miti mingi. Palace of the Lost City, iliyofunguliwa 1992, ndiyo ile yenye minara mnayoiona kwenye picha zote.

Ushauri wangu: lala Cabanas au Cascades, usilale Soho. Mkilala juu ya kasino, kila mkitoka kwenda kunywa chai mtapita karibu na mashine, na ule uamuzi wa saa moja mtalazimika kuufanya upya mara kumi kwa siku. Kama mnasherehekea miaka ya ndoa na mna uwezo, laleni usiku mmoja wa mwisho Palace na siku nyingine Cabanas. Mkiandika kuomba nafasi, semeni ni sikukuu ya ndoa. Ulizeni pia mambo matatu na mpate jibu la maandishi: je, chai ya asubuhi imo, je, kiingilio cha Valley of Waves, penye bwawa la mawimbi, kimo, na je, hoteli itazuia kiasi gani kwenye kadi yenu kama dhamana. Hilo la dhamana linawashtua wengi: hela iko benki lakini huwezi kuitumia mpaka uondoke.

Hatua ya 5: Pesa za mkononi

Lubumbashi tunalipia kwa dola hadi mkate. Huko hakuna duka litakalopokea dola. Ni randi tu. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money za Kongo hazitawasaidia dukani. Kwa hiyo kila mmoja abebe kadi ya benki inayofanya kazi nje, na benki iarifiwe kabla ya safari ili isiifunge kadi ikiona malipo kutoka Rustenburg. Dola za kubadilisha ziwe safi, zisizochanika wala kuwa na alama ya kalamu. Badilisheni kiasi kidogo uwanjani Johannesburg kwa ajili ya njia, mtunze risiti, kisha mengine mlipe kwa kadi.

Msibebe kadi zote katika pochi moja. Nusu kwa bwana, nusu kwa bibi, na kila mmoja ajue namba ya simu ya benki.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza, kutoka Luano hadi kitandani

Fikeni Luano mapema, na hela ya Go-Pass iwe tayari kama haikuhesabiwa kwenye tiketi. Ndani ya begi la mkononi muwe na sweta, dawa, chaja na adapta ya plagi: Afrika Kusini wanatumia plagi ya pini tatu nene za duara ambayo kwetu haipo. Tafuteni adapta mjini kabla ya kuondoka.

Johannesburg, kwenye ukumbi wa kutokea, watawajia watu wakiwaita kaka, dada, teksi. Shukuruni na mpite. Usafiri uwe umelipiwa kabla, dereva amesimama na jina lenu, au muende moja kwa moja kwenye madirisha ya magari ya kukodi.

Kukodi gari kunatoa uhuru, hasa kwa mbuga ya Pilanesberg, lakini fikirini vizuri. Huko wanaendesha upande wa kushoto. Wengi wetu tumezoea usukani wa kulia kwa sababu ya magari yanayoingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, lakini tumezoea nao tukiwa upande wa kulia wa barabara. Kichwa kinachanganyikiwa hasa kwenye mizunguko na unapotoka kituo cha mafuta. Leseni yetu ya Kifaransa inatakiwa kuambatana na kibali cha kimataifa cha kuendesha. Njia ni ya N4 kuelekea Rustenburg, kisha mnashika R556. Kuna peaje (vituo vya kulipia barabara) njiani kama tulivyozoea kwenye barabara ya Kasumbalesa. Msiendeshe usiku. Ndege ikifika jioni, laleni karibu na uwanja na muondoke asubuhi.

Mkifika, msifanye lolote kubwa. Ogeni, tembeeni bustanini, kuleni mapema, laleni. Kesho mnaamka saa kumi usiku.

Jambo moja kabla ya kulala: fungeni mlango wa baraza na madirisha. Nyani na tumbili wa hapo wanajua kabisa kufungua chumba, kula sukari yote na kupekua begi. Msiwape chakula hata kama wanapendeza.

Na wasalimieni wafanyakazi kwa Kitswana: "Dumela, mma" kwa mama, "Dumela, rra" kwa baba. Uso wa mtu unabadilika mara moja.

Hatua ya 7: Asubuhi ya pili, Pilanesberg

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo sababu ninaiweka mwanzo. Mkianza na kasino usiku wa kwanza, asubuhi mtaamka na usingizi na mbuga itawapita.

Mbuga ya Pilanesberg inapakana na Sun City. Ina zaidi ya hekta 50,000, ndani ya mabaki ya volkano iliyozimika zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Kwenye ramani mtaona vilima vimejipanga kwa duara, duara ndani ya duara. Mwaka 1979, mwaka uleule wa Sun City, eneo hilo lilikuwa mashamba yaliyochoka. Likazungushiwa uzio, na maelfu ya wanyama wakaletwa kwa malori kutoka sehemu nyingine katika kazi iliyoitwa Operation Genesis. Leo wapo tembo, vifaru, nyati, simba, chui, twiga, viboko na mbwa mwitu.

Kwa sisi wa Katanga jambo hilo linagusa. Punda milia wa mwisho wa Kongo yetu wako mbuga ya Upemba, na watoto wengi wa Lubumbashi hawajawahi kumwona hata mmoja porini. Kuona kundi zima likivuka barabara mbele ya gari, na kujua kwamba miaka michache kabla hamjazaliwa, au mkiwa wachanga, hapo palikuwa na ng'ombe na nyaya za seng'enge tu, kunafanya mtu azifikirie mbuga za Upemba na Kundelungu kwa matumaini mengine.

Nunueni nafasi kwenye gari la wazi lenye mwongozaji, la alfajiri, siku moja kabla. Hata kama mmekodi gari lenu, mara ya kwanza nendeni na mwongozaji. Yeye anaongea na wenzake kwa redio na anajua simba amelala wapi. Vaeni nguo nzito, kofia, na kitenge cha kufunika miguu ninyi wawili. Kwenye gari la wazi kabla ya jua kuchomoza, baridi ni ya kweli hata mwezi wa nne. Msisimame garini, msiite mnyama, zimeni sauti ya simu. Kaeni kwenye viti vya nyuma, vilivyo juu zaidi, mtaona mbali.

Mkipenda kurudi kwa gari lenu mchana, nendeni bwawa la Mankwe. Kuna kibanda cha kujificha juu ya maji; kaeni kimya humo nusu saa, viboko watakuja wenyewe. Muda wa milango kufungwa umeandikwa getini, na mgeni wa nje analipa kiingilio kikubwa kuliko mwenyeji.

Pilanesberg haina malaria. Lubumbashi inayo. Mmoja wenu akipata homa akiwa huko, amwambie daktari sentensi hii kabla ya nyingine yoyote: "Natoka Kongo, nipimeni malaria." Daktari wa pale anaweza kuanza na mafua, na malaria haingoji.

Hatua ya 8: Jioni ya pili, saa moja ya kasino

Mmerudi, mmelala mchana, mmeoga. Sasa fanyeni hivi, kwa mpangilio huu.

Wekeni nafasi ya chakula cha jioni saa mbili usiku. Ingieni kasino saa moja jioni. Hapo ndipo penye siri yote. Ndani hakuna dirisha wala saa ya ukutani. Mwanga ni uleule mchana na usiku. Mtu aliyeingia baada ya kula hana kinachomtoa isipokuwa usingizi au mfuko mtupu. Aliyeingia akiwa na njaa na meza inamngoja ana sababu ya kutoka, na hahitaji ushujaa.

Kadi za benki na simu za malipo ziachwe kwenye kasha la chumbani. Kila mmoja aingie na bahasha yake yenye nusu ya fungu la kamari, na pasipoti, kwa sababu lazima uwe umetimiza miaka 18 na wanaweza kuuliza. Bahasha ikiisha imeisha. Msikopeshane. Huu si uchoyo. Mwanamke anayemwonea bwana yake huruma mbele ya mashine anamwongezea hasara.

Kabla ya kucheza, elewa hesabu. Kwenye ruleti, mchezo wa gurudumu la namba, angalia gurudumu lina sifuri moja au mbili. La sifuri moja lina matundu 37. Ukiweka randi 10 juu ya kila namba, umeweka 370. Namba moja lazima itoke, na inakulipa mara 35 pamoja na randi 10 zako, jumla 360. Umefunika meza nzima, haiwezekani ukose, na bado umepoteza 10. La sifuri mbili lina matundu 38: umeweka 380, unapata 360 ileile, umepoteza 20. Hapo huhitaji kuambiwa lipi ni baya zaidi. Hakuna mpangilio wa kuweka jetoni unaobadilisha hesabu hiyo, hata kama jirani yako anaandika namba zote kwenye daftari. Gurudumu halikumbuki lilichotoa.

Kwenye karata za ishirini na moja, soma maandishi ya kwenye meza. Meza ya 3 kwa 2 inakulipa randi 150 ukipata ishirini na moja ya karata mbili kwa dau la 100. Ya 6 kwa 5 inakulipa 120 tu. Kaa kwenye ya kwanza au usikae.

Mashine za vitufe ndizo zinazomaliza hela haraka kwa sababu ya mwendo wake. Chukulia mashine inayorudisha kwa wastani randi 90 kati ya kila 100. Inasikika vizuri. Lakini ukibonyeza mara kumi kwa dakika kwa randi 5, ndani ya saa moja umepitisha randi 3,000, na wastani wa hasara ni 300, ingawa mfukoni uliingia na chache kuliko hizo ulizozungusha. Bonyeza polepole. Zungumzeni kati ya mbonyezo na mbonyezo. Tazameni watu.

Mkishinda, tokeni. Nendeni kwenye dirisha la malipo, jetoni zigeuke randi papo hapo, randi ziingie mfukoni, kisha nendeni mkale. Ushindi ulioachwa mezani ni wa nyumba bado.

Na kama bibi anataka na bwana hataki, au kinyume chake kwa sababu ya imani, asilazimishwe na asihubiriwe. Anayebaki nje akae kwenye baraza na kinywaji, saa moja ni fupi.

Hatua ya 9: Siku ya tatu, maji na Palace

Valley of Waves ni pwani ya kutengenezwa: mchanga, bwawa lenye mawimbi yanayokuja kwa zamu, mto wa polepole wa kuelea juu ya boya, na mabomba ya kuteleza, mojawapo likiwa linashuka karibu wima. Fikeni milango inapofunguliwa, chukueni viti vyenye kivuli, anzeni na mabomba kabla foleni haijakua, na mchana mkae mtoni. Asiyejua kuogelea abaki mahali miguu inapogusa. Mawimbi yana nguvu kuliko yanavyoonekana. Jipakeni mafuta ya kujikinga na jua, ndiyo, hata sisi weusi.

Ukitoka hapo, kwa wenye moyo mgumu kuna waya wa kuteleza angani wenye urefu wa kilomita 2. Uwanja wa gofu wa Lost City una mamba hai kwenye shimo la 13. Msiocheza gofu ulizeni kama mnaweza kwenda kuwatazama.

Jioni vaeni vizuri, liputa (kitenge) na suti, mwende Palace. Ile hadithi ya mji uliopotea na kufukuliwa ni ya kubuni, lakini kazi ya mafundi ni ya kweli: madari yaliyochorwa kwa mkono, nguzo, sanamu ya tembo wa ukubwa halisi. Kama hamlali hapo, pigeni simu mapema muweke meza ya chai au chakula, kwa sababu mgeni wa kupita tu anaweza kurudishwa mlangoni. Piteni kwenye Daraja la Wakati likiwa linatetemeka kwa tetemeko la kuigiza. Shikaneni mikono; limetengenezwa kwa ajili hiyo hasa.

Mkahawani, bakshishi ni kati ya asilimia 10 na 15, na angalieni kama haijaongezwa tayari kwenye hesabu. Bukari (ugali) hamtaikosa: agizeni pap, ni unga uleule wa mahindi, pamoja na nyama choma.

Hatua ya 10: Kurudi

Hesabuni kwa kurudi nyuma: saa tatu kabla ya ndege muwe uwanjani, saa mbili na nusu za njia, na saa moja ya akiba kwa ajili ya malori ya migodi na foleni ya Pretoria. Kwa hiyo ondokeni saa sita na nusu kabla ya ndege.

Zawadi zinunuliwe siku moja kabla katika maduka ya Rustenburg au njiani, si uwanjani, na kila mara muombe risiti kamili ya kodi. Kodi ya mauzo ya Afrika Kusini ni asilimia 15, na mgeni anaweza kurudishiwa kwa vitu anavyotoka navyo kama thamani yake inazidi randi 250. Dirisha la kodi liko uwanjani Johannesburg, na ofisa anataka kuona vitu vyenyewe pamoja na risiti. Pitieni hapo kwanza, mabegi yakiwa bado mikononi mwenu, kwa sababu mkishayakabidhi kwa shirika la ndege hakuna tena cha kumwonyesha. Randi zilizobaki mzibadilishe hukohuko. Lubumbashi watawapa bei ya chini. Kadi ya njano iwe juu ya begi, mtaombwa kuionyesha tena Luano.